Bawa la Bati

Msomaji kijana, mtu asiyepata kukaa Isiolo huenda akadhani kuwa upepo ni kitu kidogo kisichostahili kuandikiwa insha. Sisi tukaao hapa hatuna dhana hiyo. Mji wetu umekaa mahali ambapo nchi ya baridi ya Mlima Kenya huteremka ghafula na kukutana na nchi kavu ya kaskazini. Ukielekea kusini, baada ya mwendo si mrefu wa gari, wapanda penye mashamba ya ngano ya Timau. Ukielekea kaskazini, migunga na mchanga hukulaki, na barabara hukuchukua hata Marsabit na Moyale. Baina ya nchi hizo mbili upepo haukosi safari. Wakati wa kiangazi huingia madarasani bila ya kubisha hodi, hugonga mabati, huchukua karatasi za mtihani, na kumwachia mwalimu vumbi mezani badala yake.

Nataka kukusimulia habari ya upepo huo, ya bawa moja la bati, na ya kosa nililolitenda mimi ambaye nimeajiriwa kusahihisha makosa ya wengine. Sikusimulii ili unihurumie. Nakusimulia kwa sababu ndani ya kosa hilo mna elimu ambayo ningependa uipate kwa bei rahisi kuliko ile niliyoilipa mimi.

Mwaka 2016 nilikuwa mwalimu mgeni wa hesabu na fizikia. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu juzi juzi tu, na cheti changu nikikionea fahari kama bwana harusi aioneavyo kanzu yake. Siku hizo malori marefu mno yalikuwa yakipita mjini kwetu kwa mwendo wa kinyonga. Yalitoka bandari ya Mombasa, yakaenda hata Laisamis, na huko yakashika njia ya kilomita zipatazo 208 mpaka Sarima, upande wa kusini-mashariki wa Ziwa Turkana, si mbali na Loiyangalani. Yalichukua viungo vya mitambo ya upepo. Leo mitambo hiyo imesimama huko, jumla yake 365, kila mmoja ukiwa na nguvu ya kilowati 850, na yote pamoja megawati 310. Umeme wake ulianza kuingia katika nyaya za taifa mwaka 2018, na kituo kikafunguliwa rasmi mwezi wa Julai 2019.

Walakini siku ile hatukuona umeme, tuliona mabawa. Kila mtambo una mabawa matatu, na yanapozunguka duara lao lina upana wa mita 52. Bawa moja, basi, ni refu kuliko darasa lolote la shule yetu. Wanafunzi walikimbilia ua wa shule kutazama, nami nikawafuata nikijifanya nimekwenda kuwarudisha, kumbe nilitaka kuona pia.

Mvulana mmoja wa kidato cha pili alisimama karibu yangu. Alikuwa mtoto wa wafugaji, mkimya, mwenye daftari lililokunjwa katika mfuko wa kaptura. Akaniuliza, "Mwalimu, mbona bawa limesokotwa? Shina lake limeelekea kwingine, na ncha yake kwingine."

Swali lilinifurahisha, kwa kuwa jawabu nilikuwa nalo. Nilimweleza kwamba bawa likizunguka, ncha huenda mbio sana na shina huenda polepole, kama vile watu wanaozunguka ngoma: aliye karibu na ngoma hupiga hatua mbili, na aliye nje hukimbia. Kwa hiyo upepo hauikuti ncha kwa pembe ile ile ambayo hulikuta shina, na bawa halina budi kusokotwa ili kila sehemu yake ipokee upepo vizuri.

Akafikiri kidogo, kisha akauliza la pili. "Na nani alijua lisokotwe kiasi gani? Na liwe nene kiasi gani, na wapi? Walijaribu?"

Hapo nikajibu kwa haraka ya mtu mwenye cheti kipya. "Wahandisi hupiga hesabu," nikasema. "Hawabahatishi."

Maneno hayo, msomaji, yalikuwa na ukweli nusu. Nusu iliyobaki ndiyo iliyoniletea aibu.

Muhula uliofuata yule mvulana aliniletea kazi ya mikono yake. Alikuwa ametengeneza vinu viwili vidogo vya upepo kwa bati la debe la mafuta ya kupikia, mhimili wa baiskeli kuukuu, na uzi. Upepo ulipovuma, mabawa yalizunguka, uzi ukajiviringa, na jiwe dogo lililofungwa mwishoni likainuka. Nikamuuliza sababu ya kutengeneza viwili. Akasema kimoja ni mama na kingine ni mtoto. Mtoto alifanana na mama kwa kila kitu, ila bawa lake limekunjwa au limekatwa kidogo tofauti. Aliviweka bega kwa bega katika upepo ule ule, akatazama jiwe la nani litakalotangulia kufika juu. Mtoto akishinda, alifanywa kuwa mama, na mtoto mpya akatengenezwa kwa mfano wake. Mtoto akishindwa, bawa lake lilinyooshwa au kutupwa, na mama akabaki palepale.

Akanifungulia daftari. Kila jaribio lilikuwa na mstari wake: tarehe, kilichobadilishwa, na alama ya vema au ya mkasi. Nilihesabu. Majaribio yalikuwa 43. Alama za vema zilikuwa 9. Zilizosalia zote zilikuwa mikasi.

Nikachukua kalamu yangu nyekundu, na chini ya ukurasa wa mwisho nikaandika 9/43, kama mtu anayesahihisha mtihani. Nikamwambia kuwa kubahatisha si sayansi. Kwamba mwenye elimu huanza na kanuni, hapigi bati nyundo ovyo akingoja bahati. Jina lake sikuliweka katika orodha ya wanafunzi wa kwenda mashindano ya sayansi. Alisema, "Ndiyo, Mwalimu," akakunja daftari lake, akachukua mama na mtoto, akaenda zake. Tangu siku hiyo hata alipomaliza kidato cha nne, sikumbuki kuona mkono wake ukiinuliwa darasani mwangu.

Miaka ikapita. Jioni moja nilikuwa nikitayarisha somo la ukinzani wa hewa, yaani ile nguvu ya hewa inayokizuia kitu kinachopita ndani yake. Katika kusoma kwangu nikakutana na habari ya vijana wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin, huko Ujerumani. Mmoja aliitwa Ingo Rechenberg, wa pili Hans-Paul Schwefel, na wa tatu Peter Bienert. Nilipoisoma habari yao hata mwisho, nilifunga kitabu nikakaa kimya. Nami nitakueleza walilolifanya, upime mwenyewe.

Mwaka 1964 vijana hao walikuwa na mfereji wa upepo, yaani bomba kubwa ambalo ndani yake hewa huvumishwa kwa mashine, ili vitu vipimwe humo. Walitengeneza ubao wa vipande sita vilivyounganishwa kwa bawaba tano, mfano wa mlango wa kukunja. Kila bawaba iliweza kukaa katika hali 51. Sasa fanya hesabu nami: 51 mara 51 mara 51 mara 51 mara 51. Utapata maumbo 345,025,251. Lau ungetaka kuyapima yote, umbo moja kwa kila dakika, usiku na mchana bila ya kulala, kazi ingekuchukua zaidi ya miaka 650.

Waliukunja ubao uwe na migongo na mabonde kama msumeno, wakauweka katika upepo, wakapima ukinzani wake. Kisha hawakutumia kanuni ya kuwaambia wakunje wapi. Walichukua ubao mwingine uliopigiliwa misumari, wakaangusha gololi juu yake, na mahali gololi zilipotua ndipo palipowaamuru kila bawaba igeuzwe kiasi gani na upande upi. Mageuzi madogo yalikuwa mengi, na mageuzi makubwa machache. Baada ya kugeuza walipima tena. Umbo jipya likiwa bora kuliko la zamani, walilishika. Likiwa baya, walilitupa wakarudi kwa la zamani. Wakaangusha gololi tena.

Baada ya majaribio mia kadhaa tu, ubao ulikuwa umenyooka karibu kabisa. Utasema, "Hata mtoto mdogo ajua kuwa ubao ulionyooka hupenya hewa vizuri." Ni kweli, na kwa sababu hiyo ndiyo waliuchagua. Walitaka swali ambalo jawabu lake linajulikana, ili waone kama njia yao isiyoona itafika bila ya kuonyeshwa. Ikafika.

Njia hiyo hawakuitunga kutoka hewani. Waliichukua kwa viumbe. Charles Darwin, katika kitabu chake cha mwaka 1859, alieleza kuwa viumbe huzaa watoto waliotofautiana kidogo kidogo. Anayefaa mahali pake huishi akazaa, asiyefaa hupungua. Na kwa kurudiwa jambo hilo vizazi vingi mno, maumbo hufaa na kuzidi kufaa. Mbawa za tai wanaozunguka juu ya mto Ewaso Ng'iro zimepita katika shule hiyo. Watu wengi kabla ya Rechenberg walitamani kuiga bawa la ndege. Yeye alitaka kuiga kitu kingine: namna bawa la ndege lilivyopatikana. Yaangalie vizuri mambo haya mawili, msomaji, kwani hayafanani. Aigaye umbo hupata umbo moja. Aigaye njia aweza kutafuta maumbo ambayo hakuna kiumbe aliyepata kuwa nayo.

Ushahidi wa neno hilo ulikuja mwaka 1968. Schwefel alitafuta umbo la mdomo wa bomba linalopitisha maji ya moto yanayogeuka kuwa mvuke. Aliliunda kwa pete nyingi zilizotobolewa kwa upana mbalimbali, akazibadilisha na kuzipanga upya kwa njia ile ile ya mzazi na mtoto. Mdomo wa kwanza, uliochorwa kwa desturi, ulifaa kwa kiasi cha asilimia 55 hivi. Wa mwisho ulikaribia asilimia 80. Nawe ukiuona utashangaa, maana ndani una vifundo na matumbo kama mtu aliyemeza maboga. Hapana mhandisi ambaye angethubutu kuuchora.

Nilipofika hapo katika kusoma, nilianza kumkumbuka mvulana wangu. Lakini kilichonichoma ni ukurasa uliofuata. Rechenberg alitaka kujua mabadiliko yawe makubwa kiasi gani kila mara. Yakiwa madogo mno, safari haishi. Yakiwa makubwa mno, mtu huruka huku na huku kama panzi asifike popote. Kwa kupiga hesabu alipata kanuni, akaitoa katika kitabu chake cha mwaka 1973, nayo hujulikana kama kanuni ya moja ya tano. Husema hivi: tazama majaribio yako, ikiwa zaidi ya moja katika kila matano hufaulu, hatua zako ni ndogo mno, zikuze, ikiwa hupungua moja katika matano, hatua zako ni kubwa mno, zipunguze.

Nirudie, ili tusikie sote. Mtu anayefaulu mara kwa mara katika kutafuta haendi vizuri; ni mwoga wa hatua. Mwenye mwendo mzuri hukosa mara nne ili apate mara moja.

Gawanya sasa 9 kwa 43. Utapata moja ya tano na chembe kidogo. Alama niliyoiandika kwa wino mwekundu ili imwaibishe mtoto yule ilikuwa karibu kabisa na ile ambayo mtaalamu wa Berlin angeitamani. Sisemi kuwa mvulana aliijua kanuni hiyo. Nasema kuwa macho na vidole vyake vilikuwa vimemfikisha karibu nayo, na mimi niliyesoma nilimzuia njiani.

Aibu haikuja peke yake. Nilimkumbuka baba yangu. Baba hajui kusoma, na katika ujana wangu wa chuoni nilikuwa nikidhani kuwa elimu ilianza nyumbani kwetu siku nilipopata cheti. Walakini baba huchagua fahali wa ngamia kwa uangalifu kuliko wengi wanavyochagua mchumba. Huuliza: mama yake alitoa maziwa katika ukame? Alitembea siku ngapi bila ya maji? Dada zake wana hali gani? Madume yasiyotimiza huhasiwa. Na kila baada ya miaka kadhaa huomba fahali kwa jamaa wa mbali, asije akafunga damu ya kundi ndani ya boma moja. Nilipomwuliza sababu, alinijibu kwamba ukichagua wazuri wako peke yako siku zote, mwisho utapata ngamia mmoja aliyejirudia mara hamsini, na ugonjwa mmoja utawachukua wote. Na kumbe Darwin mwenyewe alikianza kitabu chake kwa habari za wafugaji!

Neno la baba lina nafasi yake katika hesabu. Njia ya mama mmoja na mtoto mmoja ina upungufu. Mfikiri mtu aliyefungwa macho na kuamriwa akwee mlima mrefu kuliko yote, na sheria yake iwe moja: kila hatua ipande juu kuliko iliyotangulia. Ukimwacha hapa Isiolo, yamkini atakwea kichuguu nyuma ya darasa letu, asimame juu yake, asiweze kupanda zaidi, na adhani kuwa yuko kileleni mwa Mlima Kenya. Ili kuponya upofu huo wataalamu walianza kutumia kundi zima badala ya mzazi mmoja. Mmarekani John Holland, katika kitabu cha mwaka 1975, alieleza njia ambayo ndani yake majawabu mengi huishi pamoja, na mazuri huchanganywa, nusu ya huyu na nusu ya yule, kama baba anavyoleta fahali wa kundi la mbali. Mwaka 1995 James Kennedy na Russell Eberhart walitoa njia nyingine iliyotokana na makundi ya ndege. Umepata kuwaona kwelea wakigeuka angani maelfu kwa pamoja? Katika njia hiyo kila jawabu ni kama ndege mmoja: hukumbuka mahali pazuri alipopita yeye, hutazama mahali pazuri walipopita wenzake, na huvutwa na pande zote mbili.

Kanuni kama hizi, zinazoieleza kompyuta hatua kwa hatua la kufanya, huitwa algorithimu. Siku hizi hapana haja ya kukata bati kwa kila jaribio. Kompyuta hulichora bawa kwa tarakimu, hukadiria mwendo wa hewa juu yake, hulipa alama, na kuzaa jingine, maelfu kwa maelfu. Hutumiwa katika kutafuta maumbo ya mbawa za ndege za abiria na mabawa ya mitambo ya upepo. Hutumiwa pia katika kupanga mitambo yenyewe uwanjani, maana mtambo uliosimama nyuma ya mwenzake hupata upepo uliokwisha kuchoshwa. Mwaka 1994 Waitalia watatu, Mosetti, Poloni na Diviacco, waliligawa eneo katika miraba 100 wakaiachia njia ya vizazi itafute ni miraba ipi ipewe mitambo.

Usiondoke hapa, msomaji, ukidhani kuwa nimeidharau kanuni na kuitukuza bahati. Gololi za Berlin hazikujua kitu. Kilichojua ni mizani iliyopima ukinzani na mkono uliokubali hukumu yake. Bahati huleta mapendekezo, kipimo huamua. Mtu anayejaribu bila ya kupima, au anayepima bila ya kuandika, huyo ndiye mwenye kubahatisha, na kwake maneno yangu ya zamani yangalifaa.

Tena kipimo chenyewe huchaguliwa na mwanadamu, na hapo ndipo hekima inapotakiwa. Ukiiambia kompyuta itafute bawa linalokamata upepo mwingi kuliko yote, itakuletea bawa refu kupita kiasi. Lakini bawa likirefushwa mara mbili, eneo la duara lake huzidi mara nne, bali uzito wake, kama umbo ni lile lile, huzidi mara nane. Litajivunja lenyewe. Kompyuta haitakuonya, maana hukuiuliza habari ya kuvunjika. Ndivyo ilivyo kwa mfugaji anayechagua ukubwa peke yake: atapata mnyama mkubwa anayekula kuliko nchi iwezavyo kumpa. Na ndivyo ilivyo kwa mwalimu anayepima wanafunzi kwa uchache wa mikasi. Atapata darasa lisilo na mikasi, na lisilo na maswali pia.

Baada ya kuyatafakari hayo nilimtafuta yule mvulana. Haikuwa kazi ngumu; mji wetu si mkubwa. Alikuwa fundi wa pampu za visima, na nilimkuta katika kibanda chake pembeni mwa mji, mikono imejaa grisi. Aliponiona alisimama, akajipangusa kwa kitambaa.

"Karibu, Mwalimu. Habari ya siku nyingi?"

"Njema, kijana wangu," nikasema. "Nimekuja kukuuliza habari ya daftari lako. Lile la mama na mtoto."

Akacheka. "Lile? Mwalimu, lilitumika kuwasha moto wa chai mwaka ule ule."

Sikucheka naye. Nilimsimulia habari za Berlin, za ubao wa bawaba tano, za gololi na misumari, na za moja katika tano. Kisha nikamwambia kuwa nilikosa, na kuwa nimekuja kuomba radhi. Alinyamaza muda, akigeuza spana mkononi.

"Mimi nilidhani," alisema mwisho, "kuwa fizikia ni kazi ya watu wasiokosea. Nikaona basi si yangu."

Sikuwa na jawabu la neno hilo, na mpaka leo sina. Yeye ndiye aliyeniokoa na kimya kile, kwa kuuliza swali. Alitaka kujua wale Wajerumani walifanya nini upepo ulipobadilika katikati ya jaribio. Nikamjibu kwamba wao walikuwa na upepo wa mashine, usiobadilika.

"Basi walikuwa na raha," akasema. "Mimi ilinibidi nijenge viwili."

Akanikaribisha chai. Kabla sijaondoka alinionyesha pampu aliyokuwa akiitengeneza, na ukutani palikuwa na kipande cha boksi kilichoandikwa kwa mkaa: safu ya vema na mikasi. Mikasi ilikuwa mingi.

Msomaji kijana, siku hizi kila mwanafunzi wangu ana daftari la pili, ambalo kalamu nyekundu haliligusi. Humo huandika alilojaribu, alivyolipima, na lililotokea, likiwa jema au baya. Wazee walisema kuwa kupotea njia ndiko kujua njia. Mimi naongeza kwamba ni kwa yule anayeweka alama mahali alipopotea. Nawe uwe na daftari lako. Mwalimu wako akilicheka, usibishane naye, maana ni mkubwa wako na huenda ana haki katika mengine. Lakini usilitie motoni. Lihifadhi, na kesho asubuhi ukate bati jingine.